Shibiri ya Okalena Pavila

Mama yetu Okalena Pavila, tuliyemleta leo Jumamosi tarehe 1 Juni 2024 hapa kilimani Manokotak, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 kwenye kambi ya mitego karibu na mlango wa mto Kulukak, mahali ambapo sasa hakuna nyumba hata moja. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Evan na marehemu Nastasia. Siku hiyo theluji ilikuwa imeziba mlango, na mkunga alishushwa kwa kamba kupitia tundu la paa la kutolea moshi. Nastasia alikuwa akisema kwamba mtoto na mkunga walifika kwa wakati mmoja, na kwamba mtoto ndiye aliyetulia.

Alipewa jina la Angalgaq, mwanamume wa kambi hiyo aliyezama chini ya barafu majuma matatu kabla. Kwa desturi yetu, anayepewa jina la marehemu ni marehemu huyo amerudi, kwa hiyo watoto wa Angalgaq walimpata tena baba yao, akiwa amefungwa kwenye ngozi ya sungura. Mkubwa wao, Mzee Sergie, wakati huo alikuwa na miaka ishirini na sita na ndevu zake, na tangu juma la kwanza alimwita Okalena "Baba". Hakuwahi kumwita vingine. Okalena akiwa na miaka mitatu, Sergie alikuwa akimkimbilia kwenye tope akiita, "Baba, taratibu, utaanguka," na kumpa kipande kizuri cha samaki kabla ya kuwapa wanawe mwenyewe. Hadi Sergie alipofariki mwaka 1993, Okalena alimjibu kama baba anavyomjibu mwanawe, ingawa alikuwa mdogo kwake kwa miaka yote hiyo. "Sergie, vaa kofia," alikuwa akimwambia mbele za watu, na mzee yule alivaa.

Alisoma shule ya kijiji kwa miaka mitatu na miezi miwili, kuanzia mwaka 1959. Mwalimu hakutaka lugha ya nyumbani darasani, na marehemu hakuwa bado na lugha nyingine, kwa hiyo mwaka wa kwanza wote alikaa kimya akitazama mikono ya watu. Aliacha shule mama yake alipougua mapafu na kupelekwa mbali kwa matibabu. Alichotoka nacho ni kusoma Biblia na kusoma jedwali la maji kupwa na maji kujaa. Alisema vinatosha, kimoja kwa majira ya baridi na kingine kwa kiangazi.

Kazi yake alikuwa ameianza hata kabla ya shule. Kila Juni kijiji chote hushuka mto kwenda ufuko wa Igushik, kila familia na kibanda chake na nafasi yake ya kutega wavu wa samoni. Mwaka 1957, Okalena akiwa na miaka tisa, Mzee Sergie alimfundisha kufunga wavu kwenye kamba ya maboya: macho matatu ya wavu, kisha kifundo, kisha shibiri moja ya mkono, kisha macho matatu tena. Okalena alifunga siku nzima akiwa amepiga magoti kwenye mchanga. Jioni Sergie alikuja, akapitisha kidole kwenye kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, akachomoa kisu.

"Samahani, Baba," alimwambia, "lakini hapa umeharibu."

Akakata vifundo vyote, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja alikiombea samahani. Okalena hakulia. Kesho yake alianza upya. Alikuwa ameharakisha na kuacha shibiri ziwe ndefu fupi, ndefu fupi, na wavu wa namna hiyo samaki huugonga kwa pua akarudi zake. Tangu hapo hadi mwaka jana hakukosa msimu hata mmoja pale Igushik, na nyavu zake zilijulikana kwa mbali. Watu waliopita na boti walikuwa wanasema ule ni wavu wa Okalena, kwa jinsi maboya yalivyokaa majini yamelingana.

Tarehe 2 Machi 1968 alifunga ndoa na Gusty Pavila katika kanisa letu la Moravian. Mzee Sergie alisimama mlangoni mwa kanisa na kulalamika kwa sauti ya kusikika, "Baba anaolewa na mimi sikuulizwa." Ilibidi Gusty ampelekee kilo kadhaa za chai na ngozi ya sili ndipo akaingia ndani.

Walijenga kibanda chao Igushik, na nafasi yao ikawa ya tatu kutoka kwenye kijito. Mwezi wa nne mwaka 1971 marehemu alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza, na ndege ilikuwa inakuja kumpeleka hospitali ya Kanakanak, huku wavu wa msimu ukiwa umefungwa nusu. Gusty hakuwa na mkono wa kipimo. Wake ulikuwa mkubwa kama kasia. Basi akachukua ubao wa msonobari, akamwambia mkewe aweke mkono wa kulia na kuutanua, akashika nyundo.

"Usinipigilie kidole tu," marehemu alisema.

"Nikikupigilia huondoki, na wavu utaisha leo."

Akapiga msumari mmoja kwenye ncha ya kidole gumba na mwingine kwenye ncha ya kidole cha mwisho. Kwa ubao huo alimaliza wavu peke yake, akajisifu miaka thelathini. Feenia alizaliwa tarehe 11 Mei, na tarehe 20 Juni alikuwa Igushik, amelala kwenye sanduku la samaki lililotandikwa ngozi, mama yake akichomoa samoni kwenye wavu hatua tano kutoka hapo. Baadaye walizaliwa Yako, mwaka 1974, na Nastasia, mwaka 1979. Mkono wa mama ulikuwa umerudi, ubao haukuhitajika tena, na Gusty akaugongelea kwenye ukuta wa bafu la mvuke. Watu wa nyumba hiyo wametundika taulo kwenye misumari hiyo miwili kwa miaka hamsini.

Gusty alifariki tarehe 17 Oktoba 2009. Leseni ya uvuvi ilikuwa ya Okalena mwenyewe tangu zamani, na aliendelea. Alivaa koti la mvua la mumewe, mikono ikiwa imekunjwa mara tatu, na hakununua lingine.

Tarehe 9 Novemba 2022, saa tatu asubuhi, marehemu alikuwa akikata samaki wa moshi kwa ajili ya chai ya kanisani, na kisu kikadondoka. Alikiokota kwa mkono wa kushoto, akamaliza kukata, ndipo akamwambia Feenia kwamba upande wa kulia umeondoka. Alisafirishwa kwa ndege siku hiyo hiyo. Aliporudi nyumbani tarehe 14 Januari 2023 alitembea kwa kushikilia kiti, maneno yake yalitoka machache na kwa taratibu, na mkono wa kulia ulikuwa umejikunja ngumi na hautaki kufunguka.

Mwisho wa msimu uliotangulia gogo lililoletwa na mto lilikuwa limeupasua wavu wetu usifae kushonwa. Hapakuwa na wavu, na fundi wa nyavu alikuwa na mkono mmoja. Pale ufukweni nafasi ni ya yule ambaye wavu wake uko majini siku ya kufunguliwa kwa msimu. Familia ikikosa msimu mmoja, mtu hutega hapo kwa wema, na msimu wa pili hutega kwa mazoea.

Yako alisema kilichokuwa moyoni mwa wengi. "Mama, mwaka huu tupumzike. Mwakani tutarudi."

"Mwakani," marehemu alisema, na wote wakasubiri, "turudi wapi?"

"Basi niagize wavu uliofungwa tayari. Unakuja na ndege."

"Aliyeufunga anaujua mchanga wa Igushik?"

Juma hilo Wassillie, jirani yetu wa nafasi ya nne, alikuja kumjulia hali. Alikula matunda ya mwituni yaliyopigwa na mafuta, mabakuli mawili, kisha akafika kwenye jambo lake.

"Dada, wewe pumzika. Nafasi yako nitakulindia."

"Utailinda na nini?"

"Na wavu wangu."

"Hata mbwa wangu ananilindia samaki hivyo hivyo," marehemu alisema.

Wassillie alicheka hadi akamwaga chai, na yupo hapa leo, anaweza kushuhudia. Alipoondoka, marehemu alimwambia Yako alete wavu mpya kutoka stoo, ule ambao haujafungwa kwenye kamba, pamoja na kamba na maboya.

Kamba ilivutwa kutoka kwenye jiko hadi mlangoni, na majira yale ya baridi kila aliyeingia ndani aliinama. Marehemu alikaa kwenye kiti, sindano ya uzi mkono wa kushoto. Alipima kwa mkono huo, akafunga kwa mkono huo, na kifundo alikikaza kwa meno. Meno ya juu yalikuwa ya kupewa hospitali, na alisema hayo ndiyo bora kwa kazi hiyo maana hayaumi. Vifundo vinane kwa siku. Siku mbaya vinne. Feenia akitaka kumsaidia alisukumwa na kiwiko. Kufikia tarehe 11 Machi alikuwa amefunga pima thelathini kati ya hamsini, vifundo karibu mia tatu.

Siku hiyo Yako alivuta wavu uliobaki na kuupima kwa mikono, akaupima tena. Akasimama nao.

"Sema," marehemu alimwambia.

"Bado pima ishirini za kamba, Mama. Wavu uliobaki unatosha kumi na sita."

Hapo kila mtu aliutazama mkono wa kushoto. Marehemu alikuwa amefunga nyavu maisha yake yote kwa shibiri ya kulia, na mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko huo, halafu ulivyochoka ukazidi kufupika. Vifundo vilikuwa vimekaribiana na macho ya wavu yamebanana. Samoni angeusogelea kama pazia, angeuzunguka.

"Nani alijua?" marehemu aliuliza.

Mjukuu aliyekuwa akimjazia uzi kwenye sindano aliinua mkono. Alikuwa ameona tangu siku ya pili.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafunga vizuri, Bibi."

"Nilikuwa nafunga vizuri kitu kibaya." Alipumzika kidogo, kisha akasema, "Siku nyingine niambie nikiwa kifundo cha kumi. Sio cha mia tatu."

Akaomba kisu.

"Mama, acha tu," Feenia alisema. "Samaki hawapimi."

"Samaki ndio wanaopima."

Alikata kifundo cha kwanza mwenyewe. Alipokikata alisema, "Samahani, Baba." Waliomfahamu Mzee Sergie walicheka, na Yako alitoka nje akajifanya anaangalia mafuta ya jenereta. Marehemu alivikata vyote. Ilimchukua siku ile na siku mbili zilizofuata. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia hilo.

Lakini kipimo kilikuwa hakipo. Feenia aliuloweka mkono wa kulia kwenye maji ya moto na kujaribu kuukunjua kidole kimoja kimoja, haukukubali. Mkono wa Feenia mwenyewe umefuata wa baba yake. Marehemu aliwaacha wahangaike, kisha akamwambia Yako akang'oe ubao wa bafu la mvuke. Ilikuwa baridi ya kuuma. Yako alirudi na ubao ukiwa na taulo zake mbili, zimeganda kwenye misumari kama samaki waliokaushwa, na ikabidi ziyeyushwe kwenye jiko ndipo zikatoka. Misumari ilikuwa na kutu lakini imesimama.

"Mkono wangu umenidanganya," marehemu alisema. "Hii haijui kuugua. Fuateni misumari."

Safari hii aliruhusu watu. Yeye alichukua kamba ya juu, Feenia na Yako kamba ya chini yenye uzito wa risasi, na ubao ulipita kutoka goti hadi goti. Wavu ulimalizika tarehe 13 Juni 2023, pima hamsini, na hakikubaki kipande cha wavu cha kufungia hata kifurushi.

Daktari hakutaka aende Igushik. Lakini mwenye leseni lazima awepo ufukweni wavu wake ukiwa majini, ndiyo sheria, na marehemu aliipenda sheria hiyo kuliko sheria zote. Yako alifungua kiti cha gari bovu akakifunga kwenye trela ya pikipiki ya magurudumu manne, na marehemu alikaa hapo na koti la Gusty, blanketi miguuni na thamosi ya chai ubavuni. Redio ilipotangaza kufunguliwa, tarehe 24 Juni, tulimkuta Wassillie amesimama kwenye nafasi ya tatu, mikono mfukoni, na wavu wake umekunjwa kwenye boti karibu sana.

"Nimekuja kuona kama mmefika," alisema.

"Tumefika," marehemu alisema. "Sogea."

Akasogea. Saa ilipotimia marehemu alishusha mkono wa kushoto na Yako akaondoka na boti, wavu ukiteleza kutoka nyuma yake boya baada ya boya. Kulikuwa na upepo na mvua ya pembeni. Alikataa kurudishwa kibandani. Maji yalipoanza kupwa na maboya kuanza kuzama huku na huku, Feenia aliingia majini hadi kiunoni kutazama.

"Wamekwama wapi?" marehemu aliuliza.

Feenia aliinua samaki wa kwanza, kisha wa pili, akamsogelea wa tatu.

"Nyuma ya mashavu, Mama. Wote."

"Haya."

Hilo ndilo alilosema, haya, kwa kuwa wavu uliofungwa sawa humshika samaki hapo, na akaomba chai. Alikaa kwenye kiti hicho siku thelathini na moja. Samoni mkubwa wa kwanza hakuuzwa, alikatwa vipande na kupelekwa kwa wajane wa ufukweni kama ilivyo desturi, na kipande kimoja marehemu alimpelekea Wassillie, ambaye si mjane. Alisema ni pole ya kusogezwa.

Majira ya baridi yaliyofuata alidhoofika. Tarehe 6 Mei mwaka huu alimhamishia Feenia leseni, akaweka sahihi kwa mkono wa kushoto, kubwa, ikavuka mistari miwili. Mapafu yalianza kujaa juma la tatu la Mei. Alikataa kupelekwa kwa ndege mara ya pili. Jumanne tarehe 28 Mei, saa nne asubuhi, aliuliza wavu uko wapi. Yako alimwambia uko kwenye mfuko, hapo mlangoni. "Mtu asiukanyage," alisema. Baada ya hapo hakusema neno, na kabla ya saa sita mchana alivuta pumzi ya mwisho nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na sita, watoto wake watatu wakiwa wamemshika.

Wakati wa kumwosha, mkono wa kulia ulifunguka. Hakuna aliyeulazimisha. Feenia ndiye aliyeona, akaufuta, akaenda kuuleta ubao. Aliweka kidole gumba cha mama yake kwenye msumari wa kwanza na kuutanua mkono polepole. Kidole cha mwisho hakikufika kwenye msumari wa pili. Kilipungua kwa unene wa msumari wenyewe. Wanawake waliokuwemo walingoja Feenia aseme kitu.

"Tutafuata misumari," alisema. "Mwenyewe ndivyo alivyosema."

Jeneza limetengenezwa na Wassillie. Aliomba aazimwe ubao na akalipima kwa huo, shibiri tisa na nusu. Alipourudisha jana alimwambia Feenia kwamba nafasi ya tatu mwaka huu ataitazama kwa macho tu.

Ubao hatuuziki pamoja naye. Uko kwenye boti, umefungwa pamoja na wavu, na Jumatatu tarehe 3 Juni familia itashuka mto kwenda Igushik. Wanaotaka kutufariji watatukuta huko, nafasi ya tatu kutoka kwenye kijito. Chai ipo, na biskuti ngumu, na kazi.

Marehemu ametanguliwa na mumewe Gusty, wazazi wake, ndugu zake wanne, na Mzee Sergie, mwanawe wa jina. Ameacha watoto watatu, Feenia na Yako wa hapa Manokotak, na Nastasia wa Anchorage; wajukuu saba; vitukuu wawili; dada yake mdogo, Natalia; watoto na wajukuu wa Mzee Sergie, ambao leo wanamzika babu yao kwa mara ya pili; na jirani yake Wassillie.

Okalena Pavila, kamba yote imefungwa. Pumzika kwa amani, mkono wako umefunguka.